Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Kwa kuwa hesabu zitasomwa na mweka hazina, na kumbukumbu za mkutano uliopita mmekwisha kugawiwa, naomba niutumie muda wangu karibu wote kueleza ratiba ya mwaka unaoanza katika kituo chetu cha sanaa ya majaribio, kwa sababu hiyo ndiyo kazi iliyotukutanisha hapa Dar es Salaam.

Naanza na onyesho la muziki, ambalo binafsi nalisubiri kuliko mengine yote. Mnakumbuka kwamba masika yaliyopita mvua ililipiga bati la ukumbi wetu hata usomaji wa mashairi ukasimamishwa katikati, na wengi wenu mkarudi nyumbani mmelowa. Kamati iliwaomba radhi, na leo narudia kuwaomba. Wiki iliyofuata, wanamuziki wetu walikuja na ombi ambalo hatukulitarajia: wapewe ukumbi uleule wakati wa mvua, wapige ilimba na zeze, ala za muziki wa Wagogo wa Dodoma, na mshindo wa bati uwe sehemu ya muziki. Tumewakubalia. Onyesho hilo litafanyika msimu wa vuli, jioni yoyote mvua itakaponyesha, na wanachama watapigiwa simu siku hiyohiyo. Wapo waliouliza kama huko si kuuharibu muziki wa Wagogo. Nawakumbusha kwamba marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003, aliurekodi muziki huo pamoja na vyombo vya umeme vya wageni, na bado hakuna aliyeusikia akashindwa kujua kwamba umetoka Dodoma.

Mihadhara itakuwa michache kuliko mwaka jana, kwa kuwa tumejifunza kwamba watu huchoka. Ule ninaouombea mahudhurio makubwa utahusu vifaa vya mchoraji. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora mwaka 1968 hakuwa na turubai wala rangi za dukani za wasanii. Alitumia vipande vya mbao za dari na rangi ya mafuta, ile inayopakwa baiskeli. Aliuawa kwa risasi mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu. Leo picha za mtindo wake huonwa kuwa za kimapokeo, ilhali siku zile lilikuwa jaribio la mtu mmoja aliyetumia alichokipata, na hilo ndilo ningependa vijana wetu walisikie kabla hawajatuletea orodha ya vifaa vya kuagiza nje.

Katika sanaa za jukwaani, kundi letu la maigizo litaonesha mchezo ambao bado haujakamilika, mara tatu, na kila mara watazamaji watabaki kuzungumza na waigizaji. Najua baadhi yenu hamridhiki kulipa kiingilio kwa kazi isiyokwisha. Nimelifikiria sana jambo hili, na naamini kwamba kituo kinachoonesha kazi zilizokamilika tu hakina tofauti na kumbi nyingine za jiji, hivyo nawasihi mje angalau mara mbili ili muone kilichobadilika.

Mwaka utafungwa na maonesho ya kanga. Nguo zitaning'inizwa kuanzia darini, pindo na mji wa katikati vionekane, na mgeni apite katikati yake akisoma majina, yaani misemo ya kanga: yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama ilivyokuwa zamani, na ya herufi za Kirumi tuliyoyazoea. Kando ya kila kanga kutakuwa na sauti ya mwenyewe akieleza alipewa na nani, na kwa sababu gani. Hatutaki kununua kanga mpya. Tunawaomba wanachama, hasa mama zetu, watuazime zile zilizowekwa sandukuni, hata kama zimechanika. Daftari la kupokelea liko kwa katibu, mlangoni, na kila kanga itaandikiwa risiti na kurejeshwa mkononi mwa mwenyewe.