Barua kwa shoga yangu wa Amu

Shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka Malindi, sisi wazima alhamdulillahi, ni joto la kaskazi tu ndo latumaliza, feni ya kliniki imekufa tangu wiki ile nyingine na fundi kila siku ni kesho. Ile voisi yako ndeefu nliisikiliza nikipika, ati hao madaktari ninaowafundisha kwani wasomea nini miaka minne na wao ni madaktari tayari. Ulinichekesha manake mamangu swali lake ni hilohilo, yeye adhani daktari wa familia ni wa kuitwa majumbani kwa matajiri.

Sasa skiza. Hawa chuo washamaliza, intanshipu washamaliza, wengine wamekaa miaka kwenye vihospitali vya mbali wakizalisha usiku kwa tochi ya simu, ndo warudi kusoma. Hapa Kenya hii tiba ya familia ilianzia chuo cha Moi kule Eldoret mwaka 2005, kisha vyuo vingine vikafuata, na wale 50 waliopelekwa Kuba 2018, si wakumbuka zile kelele, walienda kusomea hiyohiyo. Marekani ni miaka 3 na kwetu ni 4, na mi sioni ajabu manake huyu mtu ukimtupa hospitali ndogo hana wa kumwita, ampasue mama mtoto atoke, arudi kwa mtoto wa nimonia, kisha amngoje bibi wa sukari ambaye dawa hamezi na hasemi kwa nini. Basi wazungushwa kote, wazazi, watoto, upasuaji, wagonjwa wa akili, wakifika kliniki ndo naachiwa mimi. Na kazi yangu nusu yake ni kukaa. Nakaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, kimya, namwangalia daktari na mgonjwa wake, mgonjwa akitoka ndo twaongea.

Hicho kiti ndo nataka kukupa habari yake.

Juzi kaingia mzee mmoja mvuvi, kavaa kikoi, akakaa upande upande kwenye benchi. Daktari wangu ni kijana wa Kitale, mpole, Kiswahili chake kizuri lakini cha bara. Shikamoo baba, marahaba, wasumbuliwa na nini? Mzee: "Nina mshipa, mwanangu." Mi hapo nshajua, na wewe ushajua, mshipa kwetu pwani ni maradhi ya huko chini kwa mwanamume. Kijana kaandika mshipa kama ule wa damu, kaanza kumbonyeza miguu, ati wapi, hapa? Mzee hapana. Hapa? Mzee kimya. "Ni mshipa tu." Mara ya tatu sasa. Kijana kavuta fomu ya altrasaundi ya mishipa ya mguu, ambayo mzee angetumwa hadi Mombasa kwa pesa zake mwenyewe, na mimi kwenye kiti changu najiona mjanja, nasubiri atoke nimpe somo la Kiswahili cha pwani.

Kisha mzee kaniangalia mara moja, akaangalia chini.

Shoga, niliona aibu mpaka masikio yakanipata moto. Mimi hapo na buibui langu, mtoto wa mji, makamo ya binti yake, na huenda babangu amjua, na twataka mtu huyo afungue kikoi! Hata kijana angejua neno vizuri mzee asingesema zaidi ya pale. Nkajifanya simu imelia nikatoka, nikasimama kando ya mlango kama mwizi.

Kwanza kimya. Kisha nikasikia kijana amuuliza nyumbani mwaishi wangapi, na sikuhizi baharini waenda? Mzee kasema haendi mwaka wa pili, watu kawaambia ni mgongo. Baada ya hapo sauti zikawa chini, sikusikia kitu. Dakika ishirini hivi kijana katoka na ile fomu kaikunja kwa mfuko. Busha, la miaka, kubwa kuliko dafu. Na vidonge vya matende vile vya kugawiwa mitaani mzee alimeza, akangoja lipungue, hakuna aliyemwambia kwamba vile vyaua vijiminyoo vinavyoletwa na mbu, lakini maji yalojaa huko hayatoki kwa kidonge, ni kisu. Kijana kamweleza yote, kampangia kwa daktari wa upasuaji, na mzee akipita pale nje aliniamkia vizuri tu kama hajaniona ndani.

Sasa tatizo langu ni hili. Kuna fomu ya maksi ya kila daktari, na pale juu yauliza kama mwalimu alikuwepo akamwona kwa macho tangu mwanzo hadi mwisho. Kazi nzuri kuliko zote alizofanya mwezi huu aliifanya mi niko nje. Nikiandika nilikuwepo ni urongo, nikiandika sikuwepo haihesabiwi. Imekaa kwa meza tangu Jumanne. Wewe ungeandikaje? Wewe huko Amu wauguza wazee hawa kila siku, niambie pia mwawatengaje wanaume na wanawake na chumba ni kimoja.

Nijibu kabla ya Ijumaa. Na yule atakayekuja na basi la Mokowe mpe achari yangu, usisahau tena.

Wako, shogayo wa Malindi