Mtoto Asiache Sauti Yake Kabatini: Wito wa Harambee

Baba zetu, mama zetu, wazee wa mtaa, mliosoma hapa na ndugu mlioko Mombasa, Nairobi na Ghuba: salamu kutoka kwa kamati ya wazazi na walimu wa kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalum, hapa kaunti ya Kilifi. Tunawaomba mtuchangie shilingi 228,000, ili kila mtoto wa kitengo chetu asiyeweza kusema kwa kinywa apate kitabu chake cha mawasiliano, aende nacho nyumbani, na watu wa nyumbani wajue kukitumia.

Watoto hao ni 14. Maneno hayatoki kabisa, au yanatoka kwa namna ambayo mama mtu peke yake ndiye anayeyafahamu. Wengi wana mtindio wa ubongo, wengine usonji, yaani hali ya tangu utotoni inayomfanya mtoto awasiliane na kuchangamana na watu kwa namna tofauti. Kuhusu mtindio wa ubongo acha tuseme wazi, maana bado tunasikia maneno ya kuumiza kisimani na sokoni. Hali hiyo hutokea pale ubongo unapoumia mtoto akiwa tumboni, akizaliwa au akiwa mchanga. Huenda uzazi ulichelewa akakosa hewa, au alipata manjano makali yasiyotibiwa, au malaria ilimpanda kichwani, au aliugua homa ya uti wa mgongo. Si laana ya ukoo, wala mama yake hakumkosea mtu. Misuli ya ulimi, midomo na koo ndiyo haitii. Mtoto kama huyo anaweza kusikia kila mnalomsema mbele yake, akalielewa, na asiwe na pa kulijibia.

Kitabu tunachozungumzia ni kurasa za picha zilizopigwa laminesheni na kufungwa kwa pete. Mtoto huonyesha picha kwa kidole, kwa ngumi au kwa macho, na aliye naye husoma kwa sauti kile alichoonyesha. Wataalamu huziita njia zote za namna hii, kuanzia ubao wa picha hadi mashine inayosema, mawasiliano saidizi na mbadala. Pembeni mwa kila ukurasa tumepanga maneno yale yale mahali pale pale, ili mkono uyazoee: nataka, sitaki, tena, basi, nisaidie, twende, wapi, nani, inauma. Hayo ndiyo maneno ya kutwa nzima. Kitabu chenye picha za chakula na choo peke yake humfanya mtoto awe mwombaji tu, ilhali naye anataka kukataa, kuuliza, kumshtaki aliyemchokoza, na kumwambia mwalimu kwamba hadithi ya leo haikumpendeza.

Picha nyingi tunazitoa ARASAAC, hazina inayotolewa bure na serikali ya jimbo la Aragon, Hispania, kwa yeyote asiyezifanyia biashara. Kwa hiyo picha zenyewe hazitugharimu kitu. Ila hazina hiyo haikuchorwa Kilifi. Sima kwenye sahani ya bati, mbuzi ya kukunia nazi, leso, tuktuk, uji kwenye kikombe cha plastiki, mtu aliyekwea mnazi: hizo tumezipiga wenyewe kwa simu, maana mtoto anajibu anachokijua. Chini ya kila picha tunaandika neno kwa Kiswahili. Bibi asiyejua kusoma ataisoma picha na kuitamka kwa Kigiriama, na mawasiliano yatakuwa yamefanyika.

Wapo wasioweza hata kunyoosha mkono. Kwa hao tuna bamba la plastiki angavu, pana kama sinia, lenye tundu katikati na picha nne kwenye pembe. Mwalimu hulishika usawa wa uso wake, akamtazama mtoto kupitia lile tundu, na kufuata macho yanakwenda pembe ipi. Inataka subira. Mara nyingi macho yatatangatanga kwanza, na mtu mwenye haraka atakata tamaa kabla mtoto hajafika anakokwenda. Ukingoja, anafika. Msichana mmoja wa miaka tisa, ambaye faili yake ya zamani inasema hafundishiki, sasa huchagua kwa macho wimbo wa kuanzia asubuhi, na ukiimba usiouchagua hufumba macho mpaka ubadilishe.

Kuna mvulana aliyekuwa akijipiga kichwa ukutani. Nyumbani walimfunga kitambaa mikononi, na majirani wakashauri aombewe. Darasani tulipofungua ukurasa wa mwili alionyesha sikio, kisha inauma, kisha sikio tena. Zahanati ilikuta sikio lina usaha ndani. Alipewa dawa, na kujipiga kukaisha. Wazazi mlio na watoto wanaosema, fikirieni ni mara ngapi kwa mwezi mwanao anakwambia tumbo, jino, kichwa. Fikirieni pia yale mabaya zaidi ambayo mtoto asiyesema anaweza kufanyiwa, kwa kuwa mtendaji anajua hatatajwa. Ukurasa wa mwili tumeuchora kamili, sehemu za siri zikiwemo, na tunawaomba wazee wetu mtuvumilie katika hilo.

Tatizo ni kwamba vitabu tulivyo navyo ni vitano, vya kupokezana, na havitoki darasani. Saa tisa mtoto anapakiwa kwenye bodaboda au anabebwa mgongoni kurudi kwao, na kitabu kinafungiwa kabatini. Ijumaa ni hivyo hivyo. Likizo ya mwisho wa mwaka huchukua wiki na wiki, na Januari inabidi tuanze upya na watoto waliokwisha kusonga mbele. Mtoto anayesema husikia maneno karibu mwaka mzima kabla ya kutamka lake la kwanza. Huyu wa picha naye anahitaji kuona watu wakigusa picha huku wakiongea naye: mama akisema twende kisimani aguse twende, kaka akimpa embe aguse nataka na tena. Asipoona hayo kwao, tunamdai lugha ambayo hakuna aliyemwongelesha.

Kwamba kazi ya nyumbani inazaa si ndoto zetu. Mwaka 2014 watafiti Karen Bunning, Joseph Gona na wenzao walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya na walezi majumbani, hapa hapa Kilifi vijijini, kwa vifaa vilivyotokana na vitu vinavyopatikana kwa urahisi. Walezi waliona mawasiliano ya watoto wao yamebadilika. Hakukuwa na mashine za gharama. Kulikuwa na watu waliofundishwa.

Baadhi yenu mna hofu, na mmetuambia kwenye mikutano: akizoea picha, si ndiyo hatasema tena? Ni swali la mzazi anayempenda mwanawe, na lina jibu. Mwaka 2006 Diane Millar, Janice Light na Ralf Schlosser walikusanya tafiti zilizofanywa kuhusu jambo hili. Katika watu 27 ambao ushahidi wao ulikuwa imara, hakuna hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua. Asilimia 89 usemi wao uliongezeka, ingawa kwa wengi si kwa kiasi kikubwa, na waliobaki hawakubadilika. Hatumwahidi mzazi yeyote kwamba mwanawe atasema kwa kinywa. Tunachojua ni kwamba picha hazimzibi.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia 2008, unazitaja njia hizi waziwazi. Fedha za serikali tunazipata na tunazishukuru, lakini zinaishia kwenye chakula, madawati na vifaa vya darasa. Tukingoja zifike kwenye vitabu vya nyumbani, watoto hawa watakuwa wameshatoka shuleni.

Hesabu yetu ni hii. Printa ya wino wa rangi, mashine ya laminesheni, karatasi, plastiki na pete zitagharimu 81,000, na zitatupa vitabu 28, viwili kwa kila mtoto, kimoja cha darasani na kimoja cha nyumbani. Mabamba manne ya macho ni 10,000. Tableti tatu zenye kava ngumu ni 72,000, kwa watoto watatu ambao kitabu hakiwatoshi tena. Hizo husema neno mtoto akigusa picha, na tutazirekodia sauti za dada na kaka zao, ili mtoto wa kike asiseme kwa sauti ya mwanamume, na anayeongea Kigiriama nyumbani aongee Kigiriama. Zinazobaki, 105,000, ni za mafunzo mara tatu wakati wa likizo: nauli na chakula cha wazazi, na gharama za mtaalamu wa tiba ya usemi atakayetoka Mombasa. Jumla 268,000. Wazazi wa kitengo wameshachanga 40,000 kwa kuuza mahamri na kwa mifuko yao. Kuna watu wameshauri tununue tableti nyingi na mafunzo tuyaache. Hatukubali. Tableti isiyojulikana nyumbani itafungiwa kabatini kama vitabu, au itachezewa na wakubwa mpaka skrini ipasuke.

Harambee ni Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, uwanjani kwa shule, kuanzia saa tatu asubuhi. Oktoba ni mwezi ambao mawasiliano haya huadhimishwa duniani, na tumeona ni vyema tuwe pamoja na wenzetu. Mchango ni wa hiari, na hakuna mtoto atakayenyimwa kitabu kwa kuwa wa kwao hawakuchanga. Mweka hazina wa kamati anapokea fedha ofisini kwa mwalimu mkuu, kila senti kwa risiti, na hesabu itabandikwa kwenye ubao wa matangazo kabla ya shule kufungwa. Asiye na fedha alete rimu ya karatasi, mfuko wa mahindi wa chakula cha mafunzo, au saa zake mbili za kukata picha. Fundi mwenye mabaki ya plastiki angavu tunamhitaji sana. Wenye maduka, wenye bodaboda na mama wa zahanati, kwenu ombi ni moja zaidi: njooni kwenye mafunzo, mtoto akifungua kitabu mbele yenu mjue mumngoje.

Anayetaka kuviona vitabu kabla ya kuchanga aje siku yoyote ya masomo saa nne, wakati wa uji, akae na watoto, aulizwe jina lake.