Kwapa langu liguswe au liachwe?

Daktari, habari za kazi.

Mimi ni mama wa miaka 61, mjane, fundi cherehani hapa Manzese. Jumanne ijayo naingia chumba cha upasuaji. Uvimbe uko titi la kulia. Walichukua kipande cha nyama kukipima, majibu yakasema saratani ya hatua za mwanzo: sentimita 1.6, daraja la 2 (ukali wa wastani), inaitikia homoni, HER2 hasi (yaani haina wingi wa protini ya HER2 inayochochea saratani). Uvimbe utatolewa, titi libaki, halafu nipigwe mionzi katika hospitali ya saratani ya Ocean Road na kumeza vidonge vya homoni miaka mitano au zaidi. Hayo nimeyapokea, sina neno.

Kinachoninyima usingizi ni kwapa.

Daktari wa kwanza alitaka kusafisha tezi zote za kwapani. Nikamwuliza, kwani zimeshaingiliwa na saratani? Akasema hatujui, ndiyo maana tunazitoa. Nilitoka pale miguu haina nguvu. Jirani yangu mmoja alifanyiwa hivyo, mkono ukamjaa hadi bangili yake ya harusi ikabidi sonara wa Kariakoo aikate kwa msumeno mdogo, mwenyewe amefumba macho. Maandazi ameacha kuuza, unga haukandiki kwa mkono mmoja. Na mimi mkono wa kulia ndio unaoshika mkasi.

Daktari wa pili, huyu atakayenipasua, ana njia nyingine. Atanidunga rangi ya bluu kwenye titi, aifuate mpaka tezi ya kwanza au mbili zinazopokea maji yatokayo kwenye titi, atoe hizo tu zikapimwe. Hata ugonjwa ukikutwa kwenye moja au mbili, anasema si lazima kufagia kwapa zima, maadamu titi litapigwa mionzi. Mkono bado unaweza kuvimba, ila ni kwa wachache. (Kanionya mkojo utatoka wa kijani siku moja mbili, nisije nikaita watu.)

Nikawa nimetulia. Ndipo binti yangu, ambaye ni muuguzi, akaja na habari za Ulaya. Utafiti uitwao SOUND, ulioongozwa kutoka Italia na kutangazwa 2023, ulihusu uvimbe usiozidi sentimita 2, na kwapa lililoonekana safi kwenye ultrasaundi. Wengine walitolewa tezi, wengine hawakuguswa. Baada ya miaka mitano, pande zote mbili kama 98 kati ya 100 ugonjwa ulikuwa haujawarudia sehemu za mbali za mwili. Wajerumani nao wakaja na majibu ya kufanana mwaka 2024. Na 2025 chama cha madaktari wa saratani cha Marekani kikasema mwanamke aliyekoma hedhi, wa miaka 50 na kuendelea, mwenye uvimbe wa aina yangu na kwapa lililoonekana safi kwenye ultrasaundi, anaweza kuachiwa tezi zake. "Mama, hapo wamekutaja wewe," binti ananiambia. Wifi yangu naye hataki kusikia: watoe kila kitu, tulale.

Basi nikaitoa ile karatasi ya ultrasaundi, nikaisoma mara tatu. Titi la kulia limeandikwa, la kushoto limeandikwa. Kwapa halijatajwa popote. Walilitazama wakaliona safi wakanyamaza, au kile kifaa hakikufika huko? Ninachokumbuka ni jeli ya baridi juu ya titi. Kwapani nilitoka mkavu.

Naomba unisaidie. Je, nidai ultrasaundi ya kwapa kabla ya Jumanne, hata ikibidi kusogeza tarehe? Likionekana safi, kuacha tezi kutamnyima daktari wa dawa za saratani jibu analolihitaji ili aamue kama nipewe kemo (dawa kali za kuua saratani)? Maana kama jibu la tezi halibadilishi tiba, sioni napasuliwa kwapa kwa ajili gani. Na kama linabadilisha, wazitoe hizo mbili, nitavumilia.

Na huyu daktari wangu nimwambieje? Ni mtu mzuri, amenieleza kwa utulivu, sitaki nifike na makaratasi ya binti yangu nionekane namfundisha kazi.

Mama Fundi,
Manzese, Dar es Salaam