Dawa iliyojaribiwa Kilifi iwafikie watoto wa Kilifi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Nairobi

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Kilifi. Mimi ni mama wa mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Aliyewahi kukesha na mtoto anayelia mifupa, viganja vimevimba, hata shuka ikimgusa anapiga yowe, hahitaji kuelezwa ugonjwa huu ni nini. Umetuandama sisi wa Pwani na wenzetu wa Ziwa Victoria kuliko wengine, kwa kuwa ndiko malaria ilikokita mizizi tangu enzi za mababu, na anayerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali, hivyo jeni hiyo ikaenea.

Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu inayorekebisha jeni za mgonjwa. Niliposikia nililia kwa furaha. Kisha nikasikia bei yake huko Marekani: dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Wagonjwa wengi wa selimundu duniani wako Afrika, lakini bei hiyo haikupangwa kwa kututazama sisi.

Hata hivyo, siombi Casgevy leo. Naomba haidroksiyurea, kemikali iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1869 na kuidhinishwa Marekani kwa watu wazima wenye selimundu mwaka 1998. Hataza yake, yaani haki ya kampuni moja kuitengeneza peke yake, iliisha zamani, yeyote mwenye kiwanda anaweza kuitengeneza. Nasi hatukuipokea kama zawadi kutoka ng'ambo. Watafiti waliijaribu kwa watoto 606 wa mwaka mmoja hadi kumi huko Luanda, Kinshasa, Mbale na hapa hapa Kilifi. Matokeo yalitoka Desemba 2018. Kabla ya dawa, vifo vilikuwa 3.6 kwa mwaka kwa kila watoto 100 waliofuatiliwa. Baada ya dawa vikawa 1.1. Maumivu na malaria vilipungua kwa zaidi ya nusu, na kuongezewa damu kukashuka zaidi ya hapo. Mheshimiwa, ni mikono ya watoto wetu iliyotolewa damu ili dunia ipate kujua hayo.

Basi mbona bado tunaisaka dukani? Nimewahi kuzunguka maduka matatu ya dawa kwa siku moja nikitafuta kapsuli, na nilipozipata zilikuwa za miligramu 500. Mtoto wa kilo 15 anayepewa miligramu 20 kwa kila kilo anahitaji 300. Mzazi afanye nini na kapsuli moja? Kuifungua na kugawa unga wake jikoni ni hatari, maana dawa hii ni kali, na ndiyo sababu mtoto hupimwa damu mara kwa mara. Vidonge vya watoto vipo duniani, ila dawa isiyo na hataza haina faida kubwa ya kuvutia kampuni kukimbilia kumhudumia mtoto wa Ganze au Magarini. Hapo ndipo serikali inapopaswa kuwa mnunuzi.

Naomba mambo haya. KEMSA, shirika la serikali la kununua na kusambaza dawa, inunue vidonge vya kipimo cha watoto kwa wingi, ikiwezekana pamoja na Uganda na Tanzania, kwani mnunuzi mkubwa hupewa bei ya chini. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipie dawa hiyo na vipimo vya damu bila kusubiri mtoto alazwe. Na kuanzia sasa, jaribio lolote la dawa litakaloombwa kufanyika Kenya liwe na mkataba wa maandishi, kabla ya mtoto wa kwanza kuchomwa sindano, unaosema dawa ikifaulu itafika vipi, na kwa bei gani, katika kaunti ilikojaribiwa.

Najua afya imegatuliwa na utaambiwa kaunti ndiyo yenye jukumu. Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na ununuzi wa kitaifa na bima viko mikononi mwa wizara yako. Tafadhali tupe tarehe ambayo vidonge vya watoto vitakuwa zahanati.

Mama wa mtoto mwenye selimundu,
Kilifi