Finjani ya Tatu

Milano

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwenu huko Tanga. Goti la baba vipi?

Jumamosi yule mama wa Eritrea ninayefanya naye usafi alinialika kwenye filamu, ukumbini kwao Porta Venezia. Waeritrea wako mitaa ile tangu miaka ya 1970, walipokimbia vita vya kudai uhuru.

Nilidhani tutakaa kimya gizani. Wapi! Filamu yenyewe vijana wao wameiunga kutoka kanda za zamani za familia, basi kila mtaa wa Asmara ukitokea, wazee kelele. Ilipoonekana Cinema Impero, iliyojengwa na Waitaliano mwaka 1937, babu mmoja akasimama mbele ya projekta, kivuli chake kikaziba picha yote, akawa anaonyesha kwa mkongojo mahali alipokuwa akimsubiri mchumba. Mjukuu akamvuta koti. Hakukaa.

Pembeni, binti aliyejitanda shuka jeupe amekaa kigodani anakaanga buni, kisha anapitisha kikaango kila mtu avute moshi. Wao husema bun, sisi buni. Wao finjal, sisi finjani! Kahawa ikatwangwa, ikatiwa tangawizi, ikachemshwa kwenye jebena, kijungu cha udongo chenye shingo nyembamba, mdomoni kimezibwa kwa singa za farasi zichuje machicha. Ubani unafuka. Zikaja bisi, nikadhani ni za filamu, kumbe ndizo kitafunwa cha kahawa. Ila sukari, mama, ungegomba! Sisi tuliozoea chungu na kashata, pale nilihisi nakunywa shira.

Hunywewa mara tatu, buni ileile ikiongezwa maji. Mwaka jana nilikunywa mbili nikaaga niwahi basi. Mwenyeji wangu akaninunia wiki nzima. Kumbe ya tatu huitwa bereka, yaani baraka, na mimi nilikuwa nimeiacha mezani. Safari hii nilikaa. Ya tatu ni nyepesi kama maji ya kusuuzia sufuria (usimwambie mtu), lakini filamu ilikuwa imekwisha zamani, taa zimewashwa, na hakuna aliyeinuka. Babu bado anasimulia habari za mchumba wake. Basi la mwisho likanipita, nikarudi kwa miguu, nguo zote zinanukia ubani.

Akitokea msafiri, nitumie kashata za nazi na udi kidogo. Nimeshawaahidi.

Nisalimie wote.

Mwanao