Barua ya wazi kwa Mkuu wetu wa Wilaya: simu zilizopondwa na chumba kilichofungwa

Kwako Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Shikamoo.

YAH: KUPONDWA NA KUCHOMWA KWA SIMU ZA WANAFUNZI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni mafundi simu na mawakala wa fedha wa stendi na sokoni, hapa hapa Nyanda za Juu Kusini. Tumekaa kimya hadharani tangu mwaka juzi tukijua viongozi mna mengi, na zamu yetu itafika. Mambo ya Jumanne iliyopita yametushinda.

Siku hiyo, kwenye uwanja wa shule, mbele ya wazazi na walimu, ulitangaza kwamba mitandao ndiyo iliyoiharibu jamii. Mimba za shuleni, mitandao. Kufeli, mitandao. Ukimwi, udumavu, ulevi, imani za kishirikina, vyote mitandao. Kisha simu zilizokamatwa mabwenini zikamwagwa kwenye turubai, mgambo akakabidhiwa nyundo, na mabaki yakatiwa petroli na kiberiti. Watoto wa kidato cha kwanza walikuwa wamesimama hatua nne kutoka kwenye moshi. Walipiga makofi, kama walivyoelekezwa.

Tuanze na huo moshi.

Ndani ya betri ya simu janja kuna karatasi mbili nyembamba za madini, moja ya shaba na nyingine ya alumini, zimepakwa kemikali na kuviringishwa pamoja kama mkeka. Katikati yake kuna plastiki nyembamba kuliko karatasi ya daftari, na kazi yake ni moja tu: kuzuia pande mbili zisigusane. Nyundo ikishuka, plastiki ile inachanika, chanya inakutana na hasi, na chaji yote iliyomo inatoka kwa mkupuo. Joto linazaa joto. Kimiminika cha ndani kinageuka gesi, na kwa kuwa kina chumvi yenye florini, kikiungua hutoa haidrojeni floridi, gesi inayounguza macho, koo na mapafu. Asubuhi zetu za ukungu moshi haupandi, unatambaa chini, pale pale walipo wafupi.

Betri iliyojaa ni hatari kuliko iliyokwisha chaji. Betri ya 5,000 mAh (kipimo cha ujazo wa chaji) ikiwa na asilimia 80 ina moto wa kutosha kuunguza meza, na ile uliyodhani imezimika inaweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa, hata ikiwa jalalani chini ya majani makavu. Ndiyo maana sisi tunaofungua simu kila siku hatuweki bisibisi ya chuma chini ya betri. Tunapasha mgongo wa simu joto la wastani, tunaingiza kadi ya plastiki, tunainua polepole kuanzia pembeni. Iliyovimba haichomwi sindano "itoe upepo", kama wanavyofanya wengine. Inashushwa chaji, ncha zake zinafungwa kwa soloteipu, inawekwa kwenye ndoo ya mchanga mkavu mbali na watu. Kama ni lazima simu ziharibiwe, walau zitolewe betri kwanza. Fundi yeyote angekwambia hivyo, bure, kabla turubai halijatandikwa. Hakuulizwa hata mmoja.

Halafu laini. Simu zilipondwa zikiwa na laini zake. Mwanafunzi wa miaka 15 kwa kawaida hana kitambulisho cha taifa (NIDA), kwa hiyo laini aliyonayo imesajiliwa kwa kidole cha mama yake, au mjomba, au dada wa kazi. Ndani yake mna salio la kikoba, au ndiyo namba ambayo mama alijiandikishia mbolea ya ruzuku. Kuirudisha inabidi mwenyewe aje na NIDA yake na kidole chake. Anayetoka bonde la mbali anatumia nauli ya kwenda na kurudi kwa kadi ya plastiki isiyozidi ukucha. Kutoa laini kwenye simu ni kazi ya pini moja na sekunde kumi. Ndaga fijo (asante sana), Mheshimiwa, akina mama wamepokea.

Sasa tuje kwenye hoja yenyewe, kwamba mitandao ndiyo iliyoleta yote.

Mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, uliendesha Operesheni Vijana: sketi fupi, mawigi na suruali za kubana ndivyo vilivyokuwa vinaharibu kizazi. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hata moja. Ilikuja mwaka 1994. Zikafuata zama za mabanda ya video, nayo yakabebeshwa lawama zote. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 mkoa wetu wa Mbeya ulitikiswa na mauaji ya kuchuna ngozi za watu. Simu janja haikuwepo. Waganga walikuwepo, wateja wao walikuwepo, na pesa ya kununua ngozi ilikuwepo.

Au tuchukue ukimwi, kwa kuwa uliutaja mara tatu. Utafiti wa kitaifa wa 2003/04 uliikuta Mbeya na maambukizi ya asilimia 13.5, ya juu kuliko mikoa yote. Facebook ilizinduliwa Februari 2004 kwa ajili ya wanafunzi wa chuo kimoja huko Marekani. WhatsApp ilianza 2009. Malori ya barabara ya TANZAM, iendayo Zambia, yalikuwa yanalala Tunduma na Makambako miaka mingi kabla ya hapo. Utafiti wa 2022/23, bando likiuzwa kila kona, umeikuta Mbeya na asilimia 9.6. Makundi ya umri ya tafiti hizo hayalingani sawasawa, na sifa ni ya dawa na upimaji. Lakini kwa hesabu uliyoitumia uwanjani, simu ingestahili cheti cha pongezi.

Udumavu nao. Utafiti wa 2022 ulionyesha Iringa watoto wapatao 57 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, katika mkoa unaolisha mikoa mingine. Mtoto anakula uji wa sembe iliyokobolewa ikawa nyeupe pe, mama yuko shambani kutwa, maharage na mayai vimekwenda mnadani. TikTok imeingilia wapi hapo?

Usitusome vibaya. Hatusemi mitandao ni malaika, na pengine sisi tunaujua ubaya wake kuliko aliyekuandikia hotuba. Video zinazojicheza zenyewe moja baada ya nyingine zimewekwa hivyo makusudi, ili mtu asipate mahali pa kusimama. Na zile programu za mikopo ya haraka ni mtego kamili. Ukiipakua tu inaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako. Mtu ana shida ya karo, anabonyeza "ruhusu" bila kusoma. Akichelewa siku mbili, mkwe wake, mchungaji wake na bosi wake wanatumiwa ujumbe kwamba huyu ni tapeli. Kufuta programu hapo hakusaidii, majina yalishakwenda. Dawa ni kuikatalia ruhusa kabla, na kwanza kabisa kuangalia kama ina leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na kibali. Mheshimiwa, orodha ile imebandikwa kwenye ofisi ya kata gani katika wilaya hii? Tumeitafuta.

Lakini angalia basi hilo la utapeli wa simu, ambalo nalo ulisema "mitandao imetuletea". Taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) zimekuwa zikiitaja Rukwa, jirani zetu, pamoja na Morogoro, kati ya vinara. Ujumbe unaujua: "Ile kodi itume kwenye namba hii." Au anapigiwa mzazi: mwanao ameanguka shuleni, tuma haraka tumkimbize hospitali. Tapeli haogopi kupiga kwa sababu laini si yake. Ameipataje? Hapa ndipo tunaomba usome taratibu.

Kijana wa mwamvuli, msajili wa laini wa mtaani, anamsajilia bibi laini sokoni. Bibi anaweka kidole, mashine inakubali. Kijana anasema, "Bibi, haijasoma, mikono yako ina vumbi la viazi, futa uweke tena." Bibi anafuta kwa kitenge, anaweka tena. Kidole cha kwanza kimesajili laini yake. Cha pili kimesajili nyingine, ambayo kijana anaitia mfukoni na kuiuza jioni. Bibi anaondoka na laini moja mkononi na mbili jina lake. Siku polisi wakifuatilia, wanafika kwa bibi.

Hapo lawama ni ya intaneti? Bibi hana hata intaneti, ana simu ya kitochi. Lawama ni ya kijana, na ya anayempa mashine bila kumsimamia. Tiba yake mzazi yeyote anaiweza: piga *106#, angalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, ukiona usiyoijua nenda duka la mtandao husika ikafungwe. Ujumbe wa utapeli usiufute, utume kwenda 15040 pamoja na namba iliyoutuma. Mambo haya yanasemeka kwa dakika tano. Jumanne ulikuwa na kipaza sauti kwa saa mbili na robo.

Na tangu siku hiyo mgambo wanapita kwenye meza zetu wakiuliza "simu za wanafunzi". Mteja akiona mgambo anageuza njia. Kodi ya fremu haigeuzi njia, ushuru haugeuzi njia. Tunalipa leseni kwa halmashauri hiyo hiyo inayotufukuzia wateja. Basi.

Tunachoomba ni kimoja. Kile chumba.

Unakikumbuka, Mheshimiwa. Shule ile ile, nyuma ya maabara, mlango wa bluu. Mwaka juzi zililetwa kompyuta ishirini za mezani. Ulipiga picha nazo. Ulisema, tunanukuu kwa kuwa tulikuwepo, "ndani ya siku thelathini watoto wataanza kusoma humu." Kufuli lilifungwa jioni ile. Tunavyosikia, anasubiriwa mgeni mkubwa wa kukata utepe. Wengine wanasema ni bili ya umeme. Hatujui lipi la kweli, hakuna aliyetujibu barua mbili tulizopeleka masjala.

Kompyuta haitunziki kama mahindi ghalani. Tunaweza kukwambia zilivyo sasa bila kufungua mlango. Betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama, bapa kama sarafu, inazidi kuchoka kila mwezi kompyuta isipounganishwa na umeme. Ikifa, saa inarudi nyuma miaka kadhaa kila umeme unapokatwa. Mwalimu akija kuwasha, kila tovuti salama itakataa kufunguka, kwa maana vyeti vyake vya usalama vitasomeka havijaanza kutumika. Mwalimu atasema intaneti mbovu, na chumba kitafungwa tena. Kumbe dawa ni betri ya bei ya soda mbili na kurekebisha tarehe. Betri za UPS (kifaa cha kushikilia umeme ukikatika), zile za volti 12, zikikaa miezi bila kuchajiwa zinaganda salfeti na hazirudi. Hizo hesabu zimekufa. Ramu, vibao vidogo vya kumbukumbu ya kompyuta, zitakuwa zimeshika uchafu kwa unyevu wetu huu, kompyuta itawaka ikilia bipu bipu bila picha. Unachomoa ramu, unasugua meno yake ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, unapuliza, unarudisha mpaka usikie klik pande zote mbili. Nyingi zinapona hapo hapo. Panya nao wana nyaya zao walizozichagua, hilo tutaliona tukifika.

Na usiseme bando litatoka wapi. Kompyuta moja iliyo nzima inafanywa seva, yaani ya kuzigawia nyingine, inaunganishwa na ruta isiyo na laini, inawekwa programu ya Kiwix, ya kusomea Wikipedia bila intaneti, ambayo ni ya bure. Wikipedia ya Kiswahili nzima inaingia kwenye flashi na nafasi inabaki ya vitabu vya sayansi. Watoto wanasoma bila kugusa TikTok, kwa sababu waya wa kwenda nje haupo. Kama hofu yako ni mitandao, chumba hicho hakina mitandao. Sasa kinafungiwa nini?

Tumejipanga mafundi sita. Jumamosi yoyote, saa mbili asubuhi, tutakuja na bisibisi, blowa, ufutio, na betri ishirini za CR2032 tulizokwisha kuzichanga wenyewe. Hatuhitaji posho, chai wala mkutano wa maandalizi. Tunahitaji mtu mmoja aje na ufunguo.

Mlango wa bluu, Mheshimiwa. Nyuma ya maabara.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mafundi simu na mawakala wa stendi na sokoni

Nakala: Mkuu wa shule (mwenye ufunguo, kama si wewe)
Nakala: Mbao zote za matangazo sokoni