Kikohozi cha Phoenix

Tucson

Mpendwa Rehema,

Sisi huku wazima, ila barua yako imenikosesha usingizi. Kikohozi wiki ya nne, jasho usiku, viungo vinauma, na sasa vinundu vyekundu kwenye miundi! Umemaliza antibiotiki mara mbili na bado unaambiwa nimonia. Nimonia gani hiyo isiyosikia dawa?

Mimi nashuku homa ya bonde. Hapa Arizona si jambo geni. Inaletwa na kuvu iitwayo Coccidioides, inayoishi kwenye udongo mkavu wa jangwani. Upepo ukivuma au watu wakichimba, vijimbegu vyake hupanda na vumbi, ukavivuta. Wiki moja hadi tatu baadaye unaugua. Na mtaa wenu huo mpya si bado wanachimba misingi? Antibiotiki za bakteria haziigusi kuvu hata kidogo.

Najua unaogopa TB kwa sababu ya ile picha ya kifua. Kweli vivuli vyake hufanana, kwa hiyo wapime vyote viwili. Ikiwa ni homa ya bonde, watoto wasikutie hofu, haiambukizwi kwa kukohoa.

Mwambie daktari waziwazi unataka kipimo cha damu cha kingamwili za kuvu hiyo. Kikitoka hasi usiridhike, maana mwanzoni kingamwili huwa hazijatosha kuonekana. Kirudiwe baada ya wiki chache. Kuna namba ya kiwango cha kingamwili watakayoifuatilia, huandikwa 1:4, 1:8 na kuendelea. Ikifika 1:16 au zaidi huanza kushuku kwamba ugonjwa umetoka mapafuni, labda umeingia kwenye mifupa, ngozi au utando wa ubongo. Sisi weusi hatari hiyo kwetu ni kubwa zaidi, basi usikubali kufukuzwa na panadol. Wajawazito nao vilevile. Kama kuna habari hujaniambia, daktari mwambie, kwa sababu flukonazoli, dawa ya kuvu, haifai miezi ya mwanzo ya mimba.

Huenda usipewe dawa kabisa, wengi hupona wenyewe huku wakifuatiliwa. Ukipewa flukonazoli, mara nyingi ni miezi mitatu hadi sita. Huenda midomo ikakauka mpaka ipasuke, na nywele zikabaki kwenye kitana. Zitaota tena ukimaliza dawa. Ila kichwa kikiuma mfululizo bila kuachia, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Majibu yakitoka nitumie picha ya karatasi yenyewe, sitaki lile "wamesema naendelea vizuri" lako.

Wako,
Zuhura